Mto Uliopita Jikoni kwa Njoki

Ndara ndizo zilizoanza.

Njoki alikuwa akiziacha kwenye mlango wa juu wa jikoni, ule unaoangalia zizi la ng'ombe, halafu anazikuta kwenye mlango wa chini, ule unaoangalia kahawa, zimepangana vizuri, ncha zimeelekea bondeni, kama kuna mtu amezivaa na anangoja afunguliwe. Mara ya kwanza alimlaumu mumewe, Gatimu. Mara ya pili alimlaumu mbwa. Mara ya tatu mbwa alikuwa amefungwa na Gatimu alikuwa Nyeri mjini, kwa hivyo akakosa wa kulaumu, na Njoki ni mwanamke asiyependa kukosa wa kulaumu.

Usidhani ni mtu wa kutishwa na viatu. Kazi yake ni kubeba maziwa ya wakulima kwa pikipiki, kutoka vijiji vya chini hadi kituo cha ushirika kule Mukurweini. Mitungi imefungwa nyuma kwa mipira, barabara ni matope matupu, mbwa wa kila boma wanamfukuza, naye anawapiga mateke bila kupunguza mwendo. Kuna wanaume wenye ndevu ambao hawawezi kuishika pikipiki ile kwenye ile miteremko hata ikiwa haina mzigo. Ukitaka kubisha, nenda ujaribu, kisha urudi tukufunge bandeji.

Kwa hivyo hakupiga mayowe. Aliweka kiazi katikati ya sakafu, akaweka kikombe cha bati, akaweka kile kigoda cha kukamulia, akafunga milango yote miwili na kufuli, akaenda kuchukua maziwa. Aliporudi, kiazi, kikombe na kigoda vilikuwa vimebanana kwenye mlango wa chini. Sakafu ilikuwa kavu kabisa. Alipitisha kiganja juu ya taili, akakinusa.

Kilinuka chura.

"Gatimu," alisema jioni ile wakiwa wanakula, "hii jikoni yako iko na kitu."

"Iko na kitu gani? Iko na taili. Hakuna jikoni ingine huku iko na taili."

"Vitu zinatembea."

Gatimu, ambaye ni fundi wa mawe, alicheka hadi akamwaga mchuzi. "Sakafu imeinama kidogo, mama. Niliinamisha maji ya kuosha itoke. Hiyo ni ufundi, si shetani."

Lakini hakumwangalia machoni. Na alikuwa na sababu.

Pale palipojengwa jikoni hapakuwa nchi kavu siku zote. Palikuwa mto. Wenyeji wanauita Kamuhoro, kwa sababu ulikuwa umejipinda kama lile panga fupi la kufyekea. Ni mto mdogo, mtoto anauruka akiwa na nguvu na mzee anauvuka akiwa na hasira. Unatoka juu, unapita kati ya mashamba ya watu, na ulipofika kwa Gatimu ulikuwa umezoea kuingia ndani ya shamba lake, kuzunguka kipande kizuri cha udongo mweusi, kisha kutoka tena kwenda zake. Zamani nduma zilimea hapo kubwa kama miguu ya ndama.

Gatimu alikichukia kile kipinda. Kilimnyima mahali pa kujenga. Binamu yake Ndungu, jirani wa upande wa pili, naye alikuwa akitamani maji yapite karibu na kwake ili achimbe vidimbwi vya samaki. Wakakaa, wakanywa chai, wakakubaliana. Jumapili moja watu wakiwa kanisani, wakaleta tingatinga. Likachimba mfereji ulionyooka kutoka juu hadi chini, likaziba mdomo wa kipinda kwa udongo, na kufikia wakati watu wanatoka ibada, Kamuhoro ulikuwa unapita kwa Ndungu, umenyooka kama mtoto aliyechapwa. Ndungu akapata samaki. Gatimu akapata uwanja mkavu, akajenga jikoni, akaiunganisha na nyumba, vyumba vya kulala upande huu na sebule upande ule, akaweka taili za rangi ya krimu na akamwita kila mtu aje azione.

Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu alikuwa anaishi mle kwenye kipinda. Mto wenyewe haukuulizwa, mwenye mto angeulizwa na nani?

Baada ya viatu, ikaja sauti. Haikuja usiku, kama unavyotaka. Ilikuja saa nane mchana, jua likiwa kali, kuku wamejificha chini ya ghala. Njoki alikuwa anamenya viazi akasikia maji yakipita. Si ya mfereji. Mfereji wa Ndungu ulikuwa mbali, ng'ambo ya kahawa. Haya yalipita hapa hapa, chini ya kiti chake, yakagonga mguu wa meza, yakagawanyika, yakaungana tena mbele yake, na alipoinua miguu, sauti ikabadilika, kama inavyobadilika mtu anapotoa miguu mtoni.

Akaishusha tena. Sauti ikarudi kama mwanzo.

"Haya," Njoki aliiambia sakafu. "Pita basi, lakini usiguse viazi zangu."

Kitu baridi kilimpita kwenye kifundo cha mguu. Polepole, kama mtu anayepima ukubwa wa kiatu.

Siku iliyofuata, nduma ilichipuka kati ya taili mbili. Aliing'oa. Kesho yake zikawa safu nzima, kutoka mlango wa juu hadi wa chini, zimepinda kama panga.

Hapo ndipo Njoki alimwita pasta Ngatia, si kwa kuogopa, alisema, ni vile tu pasta analipwa kwa hiyo kazi. Pasta alikuja na viatu vyake vyeusi vinavyong'aa. Kwa heshima ya sakafu aliyoambiwa imepigwa deki, alivivua mlangoni, akaingia na soksi. Akafumba macho, akainua mikono, akaanza. Sauti yake ilikuwa nzito na nzuri, sufuria zilikuwa zinaitikia. Alipofika mahali pa kuamuru, sauti ilikatika.

"Mama," alinong'ona bila kufumbua macho. "Umenimwagia maji?"

"Hapana, pasta."

"Kwa miguu?"

"Niko huku kwa jiko, pasta."

Pasta alifungua jicho moja. Soksi zake na suruali vilikuwa vimelowa hadi magotini, na mstari wa maji ulikuwa unapanda taratibu kwenye kitambaa, ilhali sakafu chini yake ilikuwa kavu, unaweza kuanika mahindi. Maombi yaliyobaki aliyamalizia akiwa langoni, kwa sauti kubwa sana. Viatu vyake vilipatikana ndani ya kahawa. Hajavirudia mpaka leo, vinavaliwa na mtu mwingine na vinampendeza.

Njoki alicheka. Angeendelea kucheka, ila jioni ile alimwona Gatimu.

Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda, katikati ya jikoni, suruali imekunjwa, miguu peku juu ya taili. Alikuwa anatazama mlango wa chini kama mtu anayetazama televisheni.

"Unafanya nini hapo?"

"Napumzisha miguu."

Njoki akaishika. Ilikuwa baridi kama chupa ya soda, na ngozi ya nyayo imekunjamana, nyeupe, kama ya mtu aliyefua nguo tangu asubuhi.

"Gatimu, hii maji iko wapi?"

"Maji gani?" akauliza kwa upole, na kutoka puani mwake kikadondoka kipande cha jani la mtoni, kidogo kama ukucha.

Kuanzia hapo akawa anakaa pale kila siku. Kazi ya mawe akaiacha. Alikonda, midomo ikawa ya buluu, kifua kikawa kinakoroma kama bomba lililoingia hewa. Alikuwa anazama kidogo kidogo, ndani ya nyumba yake, mahali pakavu, na Njoki aliona wazi kwamba kama hatafanya kitu atamzika mtu aliyekufa maji kwenye kigoda.

Alimtoa jikoni, Gatimu akarudi. Akamfungia chumbani, akamkuta pale. Akatupa kigoda kwenye shimo la taka, Gatimu akakaa chini.

Alhamisi akaja Ridwan, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki, ambaye hupita huko kununua madume ya kuchinja. Njoki alikuwa na moja la kuuza. Ridwan akalishika kamba, akalivuta kupitia nyuma ya nyumba ili alifikishe kwenye gari. Dume likafika usawa wa jikoni likakataa. Ridwan akalipiga kofi. Likalala chini kabisa, likatoa macho.

Ridwan hakulipiga tena. Alitazama upande wa juu, akatazama upande wa chini, akatazama nduma zilizopinda zikipita chini ya ukuta wa jikoni na kutokea upande wa pili. Akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu, kama mtu aliyeingia chumbani kwa wenyewe bila kubisha.

"Mama Njoki, hii ni laga."

"Laga ni nini?"

"Njia ya mto umekauka. Kwetu mtoto mdogo anajua: hulali ndani ya laga, hujengi ndani ya laga. Maji inarudi tu. Na kama maji hairudi, mwenyewe anarudi."

"Mwenyewe nani? Sema jina."

"Sisi tunaita jini. Nyinyi mnaita nani?"

"Cucu alikuwa anaita ndamathia," Njoki alisema. Cucu ni nyanya yake. "Alikuwa anatutisha nayo tusiogelee."

"Basi cucu hakuwa anawatisha, alikuwa anawaambia."

"Sawa. Nimfukuze na nini? Niambie dawa, mimi nitatafuta."

Ridwan alimtazama kama vile anavyomtazama mtu anayemtajia bei ya wazimu. "Umfukuze umpeleke wapi, mama? Yeye ako kwake. Nyinyi ndio mmeingia. Rudisha maji, ama toka."

"Mimi sitoki. Hii nyumba nimebeba mawe yake na hii mgongo."

"Basi rudisha maji."

"Na bwana yangu?"

Ridwan alifungua kamba ya dume, akaliachia lirudi zizini lenyewe. Hata kununua hakutaka tena. "Huyo mtoe haraka," alisema.

Njoki alikuwa bado anamtazama akiondoka aliposikia sauti jikoni. Haikuwa sauti ya mto mdogo tena.

Alisukuma mlango wa juu na mlango nao ukamsukuma, na alipoingia kwa bega alimwona Gatimu amesimama katikati ya sakafu kavu, jua la saa tisa likiingia dirishani na kuangukia taili za krimu ambazo hazikuwa na hata tone, lakini nywele zake zilikuwa zimeinuka na kuelea, na shati lake limejaa na kupepea taratibu kama nguo iliyoangukia bwawani, na mdomo wake ulipofunguka kusema jina la mkewe hakukutoka neno, yalitoka mapovu, mengi, yakipanda juu moja baada ya jingine hadi kwenye mabati na kupasukia huko, na nyuma yake, palipokuwa na kabati la vyombo, kulikuwa na kitu kirefu chenye rangi ya maji yaliyokorogwa matope, hakina uso lakini kinamtazama, kimemzunguka Gatimu kiunoni kwa upendo, kama mama anayemwogesha mtoto.

Hapo wewe ungekimbia, na hakuna mtu angekulaumu.

Njoki alirudi kwenye pikipiki, akafungua mipira ya kufungia mitungi, akaifunga pamoja, ncha moja akaikaza kwenye nguzo ya mlango na nyingine kiunoni mwake. Kisha akaingia. Mkondo ulimpiga mapajani na kumwangusha. Akainuka. Ulimpiga tena. Aliona sufuria zake zote zimening'inia kwenye misumari, kavu, hazitikisiki, huku yeye mwenyewe anasombwa na kitu ambacho hakipo. Akamfikia Gatimu, akamshika mkanda.

"Njia yangu," kitu kilisema. Hakikusema kwa masikio. Alikisikia kwenye meno.

"Njia ni yako!" Njoki alipiga kelele. "Nani amekataa? Mtu ni wangu! Mimi nimebebana na maziwa ya Mukurweini yote nikikimbizwa na mbwa, utanitisha wewe, huna hata miguu? Achilia!"

Mpira ulivutika hadi ukawa mwembamba kama uzi. Halafu ukarudi wote kwa pamoja, kama mpira wa manati, ukawatupa nje wote wawili hadi kwenye lundo la samadi.

Gatimu alikuwa baridi, anapumua kwa shida, lakini anapumua. Njoki alimlaza kwenye majani ya napia, mbali na njia ile. Hakupumzika. Alitwaa nyundo kubwa ya mumewe, ile ya kupasulia mawe, akauvunja ukuta wa juu wa jikoni, akavuka, akauvunja wa chini, taili zikiruka kama karanga. Kisha akashika jembe akapanda hadi pale mdomo wa kipinda ulipozibwa.

Ndungu alimkuta ameshafikia tope la katikati ya ule udongo ulioziba.

"Shemeji! Unataka kufanya nini?"

"Narudisha mto kwake."

"Na samaki zangu?"

"Ziite zije ziage."

"Njoki, tafadhali. Tuongee kama watu. Si lazima uchukue yote." Ndungu ni mtu wa kuongea, angeuza mwavuli kwa bata. "Tugawe. Nusu ipite kwako, nusu ipite kwangu. Kamuhoro itarudi kwa njia yake, huyo mwenyewe wa huko ataona maji, atatulia. Mimi nibaki na kadogo ka samaki. Kuna mtu ameumia?"

Njoki alikuwa na malengelenge mikononi, na mume kwenye napia. Alichoka. Huo ndio ukweli wake wote. Wakaweka ubao katikati ya mkondo, ukakaa kama kisu kwenye keki, na mto ukagawanyika mara mbili. Nusu ikaenda kwa samaki. Nusu ikashuka kwenye njia yake ya zamani, ikaingia kwenye ukuta uliovunjwa, ikapita jikoni, ikatokea upande wa pili, ikaenda.

Kule kwenye napia Gatimu alikohoa, akatapika maji na mchanga, akaketi. Rangi ikarudi mashavuni. Akasimama mwenyewe.

Watu walikuja kutazama ile nyumba iliyokatwa vipande viwili na mto. Upande huu vyumba vya kulala, upande ule sebule, katikati maji na ubao wa kuvukia. Walimcheka Njoki, naye akawauliza ni nani kati yao ana maji ndani ya nyumba bila bomba. Akanyamazisha kijiji kizima. Akahamishia jiko sebuleni, akaendelea na maziwa yake.

Na mumewe akawa mtu mzuri sana. Hapo ndipo penye shida.

Gatimu nilikuambia ni fundi, ila sikukuambia alivyokuwa analalamika. Alikuwa analalamikia chai kuwa moto na chai kuwa baridi, analalamikia serikali, blanketi, kuku wa jirani, na akikosa cha kulalamikia analalamika kwamba kumenyamaza sana. Huyu mpya hakulalamika. Ukimpa chakula, anakula. Ukimwambia "kata napia", anakata, hata mvua ikinyesha, ile ya baridi inayoshuka kutoka mlimani na kuwafanya ng'ombe wakunje migongo. Alikuwa anasimama ndani yake bila shati, hatetemeki, anatabasamu.

"Umepata bwana mpole," wanawake walimwambia Njoki kwenye foleni ya maziwa. "Tuonyeshe hiyo mto na sisi tupeleke wetu."

Njoki alicheka nao. Lakini usiku alikuwa anagusa mgongo wake chini ya blanketi na haukuwa na joto wala baridi. Ulikuwa kama kitu ambacho kimewekwa hapo.

Asubuhi moja aliinama kwenye ule mto wa jikoni kuosha masufuria. Gatimu alikuwa nje, Njoki anamwona kwa dirisha akipasua kuni. Tap. Tap. Na kutoka chini ya maji, karibu na vidole vyake, sauti ikasema kwa hasira:

"Njoki! We Njoki! Utaniacha huku mpaka lini? Naskia baridi!"

Sufuria ikamtoka, ikaenda.

Ilikuwa sauti ya Gatimu. Gatimu mwenyewe, yule wa kelele.

Nje, shoka lilinyamaza.

Njoki alielewa hapo hapo, akiwa amechuchumaa. Waliugawanya mto nusu kwa nusu, na mwenye mto akachukua nusu kwa nusu vilevile. Mtu wake amebaki ndani ya maji, na aliyevaa mwili wake anakula githeri yake na kulala kwenye kitanda chake.

Alinyanyuka. Gatimu alikuwa amesimama kwenye tundu la ukuta, shoka mkononi, anatabasamu.

"Mama," alisema kwa upole, "unaenda wapi?"

"Kuangalia ng'ombe."

"Ng'ombe ziko huku."

"Basi nitaangalia za Ndungu."

Alichukua jembe na magunia, akapanda bila kukimbia, kwa sababu ukikimbia unakuwa umeomba kukimbizwa. Nyuma yake alisikia nyayo zikifuata, zinalia tope, chwa, chwa, ingawa njia ilikuwa kavu. Ndungu alikuwa kwenye vidimbwi anawarushia samaki chakula.

"Ndungu! Lete udongo! Tunafunga hiyo mfereji yako yote!"

"Shemeji, kwani hatukukubaliana..."

"Mwangalie huyo!"

Ndungu aliangalia. Gatimu alikuwa amefika, na badala ya kuzunguka kidimbwi aliingia ndani yake, akawa anakivuka kwa miguu, maji yanamfika kifuani, na samaki wote, wakubwa kwa wadogo, walirukia ukingoni wenyewe, wakalala kwenye nyasi wakihema, ili wasibaki ndani na yeye.

"Nusu inatosha, mama," Gatimu alisema. Mdomo wake haukufuatana na maneno. "Wacha hivyo. Kila mtu amepata. Nusu inatosha."

"Shemeji," Ndungu alinong'ona, uso umekuwa rangi ya unga, "gunia nijaze mpaka wapi?"

"Mpaka juu!"

Walijaza, wakarusha, Njoki akiwa ndani ya maji hadi kiunoni, anapanga magunia kwenye mdomo wa mfereji na kuyakanyaga, na kile kilichokuwa Gatimu kikatoka kidimbwini na kuja, hakina haraka, kinamwita mama, kinamwita mpenzi, kinamwambia mambo ambayo mumewe alimwambia kabla hawajaoana na ambayo hakuna mtu mwingine aliyejua, kikamshika bega kwa mkono usio na joto wala baridi, na mkono ukaanza kuwa mzito, mzito kama mtungi uliojaa, kama mitungi yote aliyowahi kubeba, ukimshusha, maji yakafika kidevuni, yakafika mdomoni, naye akayatema.

"Sijawahi kupenda kitu nusu mimi!" alisema, akalisukuma gunia la mwisho kwa kichwa.

Ubao ukavunjika. Kamuhoro wote, mzima, uligeuka. Ulishuka kwenye kipinda chake kwa kishindo kilichosikika hadi barabarani, ukabeba magogo, nduma, mabati mawili ya jikoni, na ukambeba Gatimu kama takataka. Njoki alitoka akaukimbilia ukingoni, anaanguka, anainuka, anautukana kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, hadi mahali ambapo kipinda kinarudi kwenye njia kubwa na maji hupunguza mwendo. Pale palikuwa na kitu kimekwama kwenye mizizi ya mkuyu, uso chini. Akaingia, akakishika kola, akakivuta hadi kwenye mchanga, akakigeuza.

Macho yalikuwa yamefumbwa. Ndungu alifika akihema, akasimama mbali.

"Ni yeye?"

"Nyamaza."

"Shemeji, ni yeye ama ni ule mwingine?"

Njoki alikuwa ameshika jiwe kwa mkono wa kulia, limetoshea kiganja, na wa kushoto ameuweka kifuani mwa mumewe, anangoja kuona atafanya nini nalo.

Mguu wa Gatimu ukatikisika. Halafu mwingine. Halafu meno yakaanza kugongana, mwili mzima ukatetemeka, ukajikunja, midomo ya buluu ikafunguka.

"Ngai," alisema. "Hii maji ni baridi aje? Na wewe umekaa tu, unaniangalia? Blanketi iko wapi? Hakuna mtu anaweza kuleta hata blanketi?"

Njoki akaachilia jiwe. Ndungu alikuwa ameshavua koti lake ili amfunike, lakini Njoki akamzuia kwa mkono. Alitaka kwanza amsikie akilalamika zaidi kidogo.